Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii niliifundisha kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu, na kila mwaka wanachuo walinipa jibu lile lile, kwamba tusimhukumu mtu kwa sura yake. Niliwapa alama zao, tukaendelea na somo. Sikupata kujiuliza hata mara moja kama methali hiyo inaweza kuwa inasema juu ya nyumba hasa. Ilinibidi nivuke umri wa miaka sabini, nipande ndege, nikakae wiki sita katika nchi ya theluji, ndipo nilipoisoma kwa maana yake ya kwanza, ile ya mawe na mbao.

Katika kurasa hizi nakusudia kuzihakiki nyumba tatu za mapumziko katika milima ya Uswisi, jimbo la Graubünden. Ni nchi ambayo watu huiendea wakati wa baridi ili kuteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba zilizofungwa miguuni. Nyumba ya kwanza ni ya kale, ya pili ni kazi ya msanifu mashuhuri, na ya tatu ilikuwa bado karatasini nilipoiona. Mimi si msanifu wa majengo. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha walimu, na katika kazi hiyo nilisoma maandalio ya somo yasiyo na idadi. Hata hivyo nimeona kwamba ramani ya nyumba na andalio la somo ni mtu na nduguye. Yote mawili huandikwa na mtu mwenye matumaini, kabla wanafunzi hawajaingia darasani.

Nieleze kwanza jinsi nilivyofika huko. Binti yangu wa pili ni muuguzi mjini Zürich, na ameolewa na mwenyeji wa nchi hiyo. Mwaka 2022, kwa akiba ya miaka kumi na minne, mkopo wa benki na sehemu ya urithi wa mkwe wangu, walinunua nyumba kuukuu katika kijiji kimoja cha bonde la Engadin ya Chini. Nia yao ilikuwa kuifanyia matengenezo makubwa iwe nyumba ya likizo, wao na wanangu wengine wawe na mahali pa kukutania. Januari ya mwaka 2023 wakaniita. Usiku wa kwanza tu binti yangu aliitandaza ramani juu ya meza ya chakula, akasema, "Baba, umesahihisha kazi za watu maisha yako yote. Sahihisha na hii."

Nilimwambia kwamba sisahihishi andalio la somo kabla sijaliona darasa. Basi kesho yake tukasafiri kwenda bondeni.

Nyumba za kale za Engadin zina umbo la pekee. Kuta zake ni nene, zimepigwa lipu, na juu ya lipu hiyo mafundi wa zamani walichora maua, samaki na mistari kwa kuikwangua ingali mbichi, hata rangi ya tabaka la chini ikaonekana. Madirisha ni madogo, nayo yamezama ukutani kama faneli: kwa nje ni mapana, kwa ndani ni membamba. Mgeni hudhani ni pambo. Kumbe ni hesabu. Upana wa nje unakusanya mwanga, na udogo wa kioo unazuia baridi.

Ndani, mlango mkubwa wa tao unakuingiza katika ukumbi mpana ambao zamani ulipitisha magari ya nyasi kavu hadi ghalani nyuma ya nyumba. Chini yake kuna njia ya ng'ombe kwenda zizini. Watu, mifugo na chakula cha mifugo, wote chini ya paa moja. Nilicheka peke yangu nilipoliona zizi lile. Marangu, nilikozaliwa, nyumba ya babu yangu ilikuwa ya nyasi toka paa hadi chini, na ng'ombe alilala humo humo pamoja nasi. Walimu wangu wa shule walituambia kwamba hiyo ni dalili ya ushamba. Hakuna aliyetuambia kwamba katika milima ya Ulaya, watu wenye kumiliki mikufu ya dhahabu na Biblia zenye jalada la ngozi walifanya vivyo hivyo, kwa sababu ile ile: kuchunga mali na kuokoa joto.

Chumba kimoja tu ndicho kilichopashwa moto vizuri. Ni chumba kilichofunikwa kwa mbao za msonobari wa milimani, toka sakafu hadi dari, na harufu yake haijaisha. Pembeni kuna tanuri la mawe ambalo halichochewi kutoka chumbani humo, bali kutoka upande wa pili wa ukuta, ili moshi na majivu visiwafikie waliokaa. Juu ya tanuri, darini, kuna kidirisha cha mbao. Ukikifungua, joto hupanda hadi chumba cha kulala. Mkwe wangu aliniambia kwamba watoto wa zamani walipandia humo kwenda kulala, mmoja baada ya mwingine. Wajukuu wangu walipolisikia hilo hawakutaka tena kutumia ngazi.

Sitaki kuisifu nyumba hii kupita kiasi. Ilikuwa na giza. Jiko lake lilikuwa jeusi kwa moshi wa karne nyingi, na wanawake waliopikia humo hawakuulizwa maoni yao. Vyumba vingine vilikuwa na baridi kiasi cha maji kuganda ndani ya jagi. Mtu akisema tuishi hivyo leo, mimi sitakuwa wa kwanza kujiandikisha. Lakini kwa upande wa mpango, kila kitu kilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kwamba kuna mtu humo kila siku ya mwaka. Jambo hili nililiandika katika daftari langu bila kujua kwamba litanirudia.

Kutoka Engadin tulikwenda Vals kwa siku tatu. Mkwe wangu ni mpenzi wa majengo, na alitaka nione nyumba za Peter Zumthor kabla sijatoa hukumu yoyote. Zumthor alizaliwa Basel mwaka 1943. Baba yake alikuwa seremala wa samani, naye akajifunza useremala kabla ya usanifu. Mwaka 1996 yalifunguliwa mabafu yake ya maji moto hapo Vals, yaliyojengwa kwa mawe ya bonde lenyewe, na mwaka 2009 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu ni heshima kubwa kuliko zote. Juu ya Vals, kwenye kitongoji cha Leis, zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, mkewe Annalisa alitamani nyumba ya mbao. Zikajengwa mbili zilizokamilika mwaka 2009, na ya tatu mwaka 2013. Hukodishwa kwa wageni. Ndivyo nilivyolala humo mimi, mwalimu mstaafu, kwa gharama ambayo mkwe wangu alikataa katakata kunitajia.

Ujenzi wa mbao wa milima ile ni wa boriti zilizolazwa moja juu ya nyingine na kusukwa kwenye pembe kama vidole vya mikono miwili. Nyumba ya namna hiyo haipendi madirisha makubwa, kwa kuwa kila ukikata ukuta unakata boriti zinazoshikana. Ndiyo maana nyumba za zamani zina vidirisha. Zumthor hakuikataa sheria hiyo ya mbao, wala hakuificha. Alivisuka vyumba vidogo kama makasha yanayosimama yenyewe, kisha nafasi zilizobaki kati ya kasha na kasha akaziacha wazi na kuzitia vioo kutoka upande hadi upande. Ukuta umebaki ukuta, na dirisha limekuwa mlima mzima. Mbao nazo hukauka na kushuka kadiri miaka inavyopita, hivyo fundi lazima aache nafasi juu ya madirisha na milango ili nyumba ipate kushuka bila kuvunja kioo. Fundi anayejenga hivyo anajua kwamba nyumba itaendelea kubadilika hata yeye akishaondoka. Niliwaza, laiti walimu wote wangeandaa masomo yao namna hiyo.

Kwa ufundi, basi, alama za juu kabisa. Usiku nilisikia mbao zikilia kidogo kwa baridi. Asubuhi nilitembea bila viatu, na sakafu ilikuwa na uvuguvugu. Sijapata kulala katika nyumba iliyotengenezwa kwa uangalifu zaidi.

Lakini mhakiki asiyesema ila ni mshereheshaji. Siku ya tatu, siku ambayo kwetu mgeni hupewa jembe, nilikaa mbele ya kile kioo kikubwa nikajiuliza ni nani ninayemwona. Nilimwona mlima. Nyumba inautazama mlima kwa ufasaha wa ajabu, na mgeni hupewa kila kitu isipokuwa jirani. Nyumba ile ya kale ya Engadin ilikuwa na kidirisha kilichochomoza ukutani kuelekea kichochoroni, chenye kioo pande tatu, ili mama aliyeketi akishona aone nani anapita na nani anateka maji kwenye bomba la kijiji. Nyumba ya Leis haina haja hiyo, maana mkaaji wake ataondoka Jumamosi. Nakiri jambo moja la kuitetea: kwa kuwa inakodishwa, huyu akitoka yule anaingia, na taa yake huwaka. Hilo si dogo, kama nitakavyoeleza.

Tuliporudi Engadin, jioni moja katikati ya juma, nilitoka kutembea na mjukuu wangu wa kike mwenye miaka tisa. Likizo za shule zilikuwa bado. Theluji ilikuwa imekoma, na kijiji kilikuwa kizuri kama picha ya kalenda. Tukacheza mchezo wa kuhesabu. Katika kichochoro chetu tulipita nyumba ishirini. Zilizokuwa na taa zilikuwa sita. Zilizobaki zilikuwa zimefunga vifuniko vyao vya mbao, zimepakwa rangi vizuri, zimefagiliwa theluji mlangoni na mtu wa kulipwa, wala hakukuwa na mtu ndani. "Babu," aliniuliza, "wamekufa?" Nikamjibu kwamba hapana, wako mjini, watakuja. Hakuonekana kuridhika.

Mama mmoja mzee, jirani yetu, alitukaribisha kahawa. Alisimulia, na mkwe wangu akitafsiri, kuhusu nyumba ya ng'ambo ya njia ambayo bomba lake lilipasuka wakati wa baridi kali. Maji yalitiririka ngazini siku nyingi, yakaganda, na hakuna aliyejua hadi yeye alipoona barafu ikitokeza chini ya mlango. Ndiyo maana, akaeleza, nyumba nyingi tupu huachwa zikipashwa moto kidogo majira yote ya baridi, ili kuyalinda mabomba. Nilipotoka hapo nilitazama tena kile kichochoro. Moto ulikuwa unawaka kumi na nne kati ya ishirini kwa ajili ya mabomba.

Waswisi wenyewe wana jina la hali hii. Huita vitanda baridi. Nao hawakunyamaza. Tarehe 11 Machi 2012 walipiga kura juu ya pendekezo la mwanaharakati wa mazingira Franz Weber, kwamba katika kila wilaya ndogo nyumba zisizo za kuishi daima zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote. Pendekezo lilipita kwa asilimia 50.6, yaani kwa uzi. Wengi wa watu wa milimani walilipinga, maana ujenzi ulikuwa ndio ugali wao. Sheria ya utekelezaji ilianza tarehe 1 Januari 2016. Tangu hapo, mahali palipovuka kiwango hicho huruhusiwi kujenga nyumba mpya ya likizo ya kawaida. Unaweza kununua iliyokuwapo kabla ya siku ile ya kura na kuitengeneza, hata kuipanua kwa kadiri, lakini hadi mwaka 2024, ukitaka kuongeza makazi mapya, kwa kawaida ilikuwa sharti yawe ya mkaaji wa kudumu.

Nchi hiyo ina desturi nyingine iliyonipendeza mno. Barabarani niliona uwanja mtupu umesimamishwa miti mirefu iliyonyooka, yenye vipande vya mbao juu yake vilivyoinama kama pembe za paa. Nilidhani ni mashine ya kilimo. Mkwe wangu akanieleza kwamba mtu akitaka kujenga, kwanza husimamisha miti kuonyesha urefu, upana na mwinamo wa paa la nyumba yake ijayo, na huiacha kwa siku kadhaa. Majirani hupita na kutazama. Mwenye pingamizi huliandika na kulipeleka. Nimekaa katika kamati nyingi maishani mwangu, lakini sijaona uwazi uliozidi huo: nyumba inaulizwa swali kabla haijazaliwa.

Ila miti ile haiwezi kuonyesha jambo moja, nalo ni siku. Huonyesha ukubwa wa nyumba, haionyeshi ni siku ngapi nyumba itakuwa na mtu. Na katika bonde lile siku ndizo jambo zito. Watu wake huzungumza Kiromanshi, lugha ndogo ambayo wananchi waliipigia kura mwaka 1938 ikawa moja ya lugha za taifa. Mwaka 1999 lilifunguliwa handaki la reli la Vereina, refu kiasi cha kilometa 19, na bonde ambalo majira ya baridi lilikuwa mbali likawa karibu na Zürich. Wageni wakaongezeka, na bei za nyumba haziwezi kushindana na mishahara ya jiji. Kijana wa huko anayeoa leo hushindana na mtu kama mkwe wangu, ambaye ni mtu mwema na hana nia mbaya na yeyote. Lugha inaweza kuwa na kamusi nzuri na sheria ya kuilinda, lakini ikiwa watoto hawana pa kulala kijijini, mwalimu atafundisha madawati.

Sasa nifike kwenye ramani. Niliisahihisha kwa muda wa jioni mbili, kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa kalamu nyekundu niliiacha kazini.

Nilianza na mlango. Msanifu wao, kijana hodari ambaye sina haja ya kumtaja, aliuhamisha mlango wa kuingilia hadi upande wa ghala, chini ya mwinamo wa paa. Niliuliza theluji ya paa huangukia wapi. Kimya. Meta moja ya theluji iliyoshindiliwa si pamba, ni mzigo wa kumwangusha mtu mzima. Ama mlango urudi kwenye ncha ya nyumba ulikokuwa miaka mia tatu, ama paa liwekewe vizuizi na kipenu juu ya kizingiti.

Pili, mlango huo ulifunguka moja kwa moja sebuleni. Niliwaambia wavae buti zao, watoke nje, warudi, watazame sakafu. Watu wanne waliotoka kuteleza huleta ndani theluji ya kujaza ndoo, pamoja na mbao, fimbo, helmeti na soksi mbichi. Nyumba ya nchi ya theluji huanza na chumba cha kuvulia buti, chenye benchi, sakafu ya mawe, mfereji wa maji na joto la kukaushia. Nyumba ya kale ilikuwa na ukumbi mzima kwa kazi hiyo. Ramani mpya ilikuwa na kabati.

Tatu, ukuta wa ghala ulitobolewa dirisha la meta tano kuelekea milimani, wakati kile kidirisha cha kichochoroni kiliandikiwa, "Kabati la vitabu mbele yake." Hapo kalamu yangu ilitoboa karatasi.

Nne, lile zizi la ng'ombe, lenye dari la tao la mawe, lilipangiwa gereji ya magari mawili na chumba cha kuogea mvuke.

Kisha nikafanya kile ambacho kila mwanachuo wangu alikifanya kabla ya kuandika andalio lolote: azimio la kazi la mwaka mzima. Nilichukua kalenda ya ukutani nikawaomba watie alama siku watakazokaa humo. Noeli siku kumi. Likizo ya theluji ya shule mwezi wa Februari, wiki mbili. Pasaka siku sita. Kiangazi siku kumi na nne. Jumamosi na Jumapili tano za kuteleza. Jumla siku 54. Nikawaambia, "Mmepanga vizuri sana siku 54. Sasa nionyesheni ramani ya siku 311."

Mkwe wangu aliikunja mikono. Binti yangu alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Sawa, Baba. Sasa tuchukue kalenda nyingine, tuandike ya Marangu."

Msomaji asiyeijua Kilimanjaro huenda hajui binti alichonigusa. Kwetu, Mchaga akifanikiwa Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo, hurudi kujenga kihambani, katikati ya migomba na kahawa ya baba yake. Hurudi Desemba. Wiki hiyo barabara za mlimani hujaa magari, nyumba zote huwaka taa, mbuzi huchinjwa, na ugomvi wa mipaka huamuliwa. Mwezi wa Januari milango hufungwa. Nyumba ya vyumba sita yenye vigae hubaki na mlinzi anayelala kibanda cha nyuma. Tunaiita nyumbani, na hatuiiti ya mapumziko, lakini kalenda haijui tofauti ya majina hayo.

Nami ni mmoja wao, tena wa mwanzo. Nilianza kujenga mwaka 1988, nikamaliza 1994, tofali kwa tofali, kwa mshahara wa mkuu wa chuo na kahawa isiyokuwa na bei. Vyumba sita: kimoja chetu, vinne vya watoto wanne, kimoja cha wageni. Mama yao alifariki mwaka 2017. Tangu hapo nalala kimoja, na vitano hufagiliwa kila Jumamosi.

Ilibidi niwaambie wakati ule jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mwaka 2018 alikuja kwangu binti mmoja, mwalimu mpya wa shule ya msingi ya jirani, ameelekezwa na mwalimu mkuu wake. Alikuwa amepanga mbali, na alitembea zaidi ya saa moja kupanda mlima kila asubuhi. Aliomba apangishiwe vyumba viwili. Nilimkaribisha chai. Nilimwuliza amesoma chuo gani, tukaongea vizuri. Kisha nikamwambia kwamba vyumba ni vya watoto wangu. Alisema, "Nimeelewa, Mwalimu," akashukuru kwa chai. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho, akaondoka. Mimi ambaye kwa miaka thelathini niliwahimiza vijana waende wakafundishe vijijini, nilimnyima mmoja wao kitanda ambacho kililaliwa siku kumi na mbili kwa mwaka.

Hakuna aliyesema neno. Mkwe wangu, ambaye alielewa nusu ya maneno na yote ya uso wangu, alinyanyuka akatengeneza chai.

Jioni ile hatukuamua lolote, na sipendi msomaji adhani kwamba mahubiri ya mzee yaligeuza ramani. Mkwe wangu alikuwa na hoja zake, nazo zilikuwa nzito. Makazi mapya zizini yangehitaji madirisha, na ukuta wa kale haukatwi ovyo. Kodi ya mkaaji wa kawaida isingefikia kodi ya wageni. Na fedha zilikuwa zao, wala si zangu. Nilimwambia hayo yote ni kweli, na kwamba mimi nimetoa alama tu, asiyeridhika anaweza kukata rufaa.

Nyumba ilikamilika mwisho wa mwaka 2024. Binti yangu alinitumia picha. Mlango umerudi ulikokuwa. Kuna chumba cha buti, na watoto wanakipenda kuliko sebule. Dirisha la meta tano limebaki. Walinishinda kwa hilo, na nikitazama picha ya jua likizama siwezi kusema wamekosea sana. Kabati la vitabu limeondolewa mbele ya kidirisha cha kichochoroni. Na zizi, badala ya magari, limekuwa makazi madogo ya vyumba viwili na jiko, anamokaa fundi wa magari ya kamba yanayopandisha watelezaji mlimani, pamoja na mkewe na mtoto mchanga. Kodi yao ni ndogo kuliko ambavyo benki ingependa. Lakini mabomba ya nyumba hiyo hayahitaji mlinzi, na yule mama mzee, naambiwa, amekwisha kumfuma mtoto soksi.

Kwa nyumba hiyo nimetoa alama 68 kwa 100. Binti anadai nilimpunja. Nimemwambia kwamba mimi mwenyewe nilipata chini ya hapo kwa miaka thelathini.

Mwaka huo huo wa 2024, mwezi wa pili, nilikwenda shuleni kumwona mwalimu mkuu. Nilimwuliza kama ana mwalimu asiye na mahali. Alinitazama kama mtu anayesikia kengele ikilia wakati si wake, kisha akaniletea kijana wa hisabati na mkewe. Wanakaa vyumba viwili vya upande wa mashariki, ambavyo vilikuwa vya wanangu wawili wa kiume. Desemba ilipofika, watoto na wajukuu walikuja, na vyumba havikutosha. Wajukuu saba walilala sebuleni juu ya magodoro, wakapiga kelele hadi usiku wa manane, na mwanangu wa kwanza aliniuliza kwa unyonge, "Baba, sasa chumba changu?" Nilimjibu kwamba kipo, kina mtu.